Lori Likilala, Bima Hukesha

Mwaka 2019, mamlaka za bandari na za kodi zilipotaka makontena ya Nairobi na ya nchi jirani yapande treni ya SGR, malori ya Port Reitz na Changamwe, Mombasa, yalipewa likizo ambayo hayakuomba. Bima, kwa adabu zake, haikuchukua likizo.

Tajiri wa lori akikaa na kalamu hesabu humjia upesi: gari halitembei, nalipia nini? Mmoja hushuka kutoka bima kubwa hadi thadi pati. Mwingine hufuta zote, roho kwatu. Si Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inamdai bima anayetumia gari barabarani? Na lori lililoegeshwa linatumika wapi?

Polepole, tajiri. Katika kesi ya Elliott na Grey, iliyoripotiwa Uingereza mwaka 1960, bwana mmoja aliacha gari bovu nje ya nyumba yake, akatoa betri, akavunja bima. Mahakama ikasema bado analitumia barabarani. Sheria ya Kenya ina ukoo na ile ya Uingereza.

Basi lori liingie yadi kwanza, ndipo kampuni iombwe kwa maandishi ipunguze bima ibaki ya moto na wizi. Wengi hufanya kinyume: hubaki na thadi pati, inayomlipa aliyegongwa na lori lisilotembea, wala haifidii hata tairi moja iliyoibwa usiku. Mwizi wa betri naye haulizi gari lilitembea lini mara ya mwisho.