Maji ya Mama Yalipogeuka Kijani

Mama alipata kiharusi mwaka juzi, kikamchukua mkono na mguu wa kulia. Siku anaruhusiwa kutoka wodini, dada wa mazoezi ya viungo alituuliza kama nyumbani kuna bwawa la kuogelea. Lilikuwepo. Nyumba yetu ya Mbezi Beach tuliinunua nalo, mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita moja na nusu, na kwa miaka mitatu watoto walikuwa wakilichezea Jumamosi tu. Basi mtembezeni humo, akasema. Ndani ya maji mwili unakuwa mwepesi, mguu unapata nafasi ya kukumbuka kazi yake.

Siku ya kwanza tulimshika watu wawili. Miezi minne baadaye alikuwa akivuka upana wa bwawa peke yake, anagusa ukuta, anageuka, anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kuhesabu nako kulikuwa tiba, maana ulimi ulikuwa umekuwa mzito. Ndiyo maana maji yalipobadilika rangi, nyumba nzima ilikosa raha.

Klorini tuliyokuwa tukitumia ni ya vidonge. Si vile vidogo vya kutibu maji ya kunywa. Hivi kimoja kina gramu 200, ukubwa wa kitumbua, vyeupe, vimefungwa kimoja kimoja kwenye nailoni ndani ya ndoo, na ukifunua ndoo ni lazima ugeuze uso pembeni kwanza. Unatia vitatu ndani ya boya la plastiki lenye matundu, unaliachia lielee, nalo linatoa dawa taratibu wiki nzima. Hakuna kupima wala kukoroga. Sisi wenye watoto, mgonjwa na kazi za kutwa tuliona tumepata mkombozi.

Ukijani ulianza Mei, masika yakiwa yanakatika. Ulianzia kwenye kona ya ngazi, mahali ambapo mwarobaini wa jirani unaweka kivuli. Nilipitisha kidole ukutani kikarudi na ukoga laini, unaoteleza kama bamia. Kipimo cha karatasi, kile unachochovya na kulinganisha rangi, kilionyesha klorini ipo, tena ya kutosha. Nikapima mara tatu. Nikampigia kaka yangu aliyeko Muscat, ambako jengo analoishi lina bwawa, akaniambia bila kusita, "Dada, ongeza vidonge."

Tukaongeza. Vitatu vikawa sita. Boya lilipojaa, Baba watoto akaviweka vingine moja kwa moja kwenye ngazi ya pili, chini ya maji. Asubuhi tulikuta kila kidonge kimeacha duara jeupe kwenye rangi ya buluu, na saruji ya mahali pale imekuwa na vishimo kama imeumwa na mchwa. Vidonge hivi ni asidi kali. Kidonge kikikaa mahali pamoja, maji yanayokizunguka yanakula saruji. Na maji yote ya bwawa nayo yalikuwa yamekwisha kuwa makali bila sisi kujua. Jioni nilipomkausha Mama miguu nikaona nyayo zimechunika. Hakuwa amesema chochote. Alikuwa akitembea kwenye sakafu iliyogeuka msasa, kwa sababu hakutaka tumkataze kuingia.

Nikamkataza. Aliniangalia, akatazama ukutani, na siku mbili hakuhesabu hata moja.

Katikati ya haya, jirani mwenye nia njema alitupa kopo la klorini ya unga, ile wanayonyunyizia kunapozuka kipindupindu, akasema unga una nguvu kuliko vidonge. Nililiweka kwenye kibanda cha pampu. Kijana anayetusaidia bustani aliniona nikihangaika wiki nzima, akataka kunipunguzia. Akalitoa boya majini, akalifungua, ndani mna mabaki ya vidonge vilivyolowa. Akamimina unga juu yake.

Nilikuwa kwenye dirisha la jikoni. Nilisikia mlio kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, kisha mfuniko ukaruka ukagonga bati la kibanda. Moshi uliotoka ulikuwa na rangi ya njano inayoelekea kijani, na ulikuwa mzito, haukupanda. Ulitambaa chini kwenye nyasi kumfuata. Baba watoto alimvuta kwa ukosi wa shati hadi upande upepo unakotoka. Alikuwa anakohoa, macho hayafunguki, anashika kifua. Hospitali walimweka kwenye oksijeni, wakamlaza usiku mmoja, na namshukuru Mungu kwamba yote yalitokea nje, penye upepo wa bahari. Kama angekuwa ndani ya kile kibanda, singekuwa na nguvu ya kuandika habari hii. Hewa ile ya klorini ndiyo iliyotumika kama silaha kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na askari wakafa wakiwa ndani ya mahandaki yao, kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutelemka kulikolala watu.

Vidonge na unga sisi tunaviita jina moja, klorini. Kumbe ni vitu viwili visivyopatana. Vidonge vyetu vilikuwa aina iitwayo trikloro, ambayo ni asidi. Ule unga ni haipokloraiti ya kalsiamu, yenye tabia ya magadi. Vikikutana na unyevu kidogo vinawaka, vinalipuka, vinatoa hewa ile. Hata kijiko kilichochota kimoja hakifai kuingia kwenye kingine. Onyo lilikuwepo kwenye ndoo, kwa Kiingereza, herufi ndogo. Kijana wetu hasomi Kiingereza. Mimi nasoma, na katika miezi yote ile sikuwahi kumkalisha chini nikamsomea. Nilikwenda kwao nikamwambia mama yake hivyo hivyo, bila kupunguza neno.

Fundi tuliyempata baada ya hapo alikuwa mzee wa makamo, kazi hii ameifanya tangu ujana kwenye hoteli za pwani. Hakugusa dawa yoyote. Aliomba glasi ya maji ya bwawa, akayachanganya nusu kwa nusu na maji safi, akatia dawa yake ya kupimia, yakawa kama maziwa yaliyoongezwa maji. Kisha akanipa mrija wa plastiki wenye kidoa cheusi kwenye kitako. "Mama, chungulia kwa juu, mimi namimina. Kidoa kikipotea sema." Kilipotea upesi mno. Akasoma mstari: 90. Akazidisha mara mbili, kwa kuwa maji yalikuwa nusu. Miligramu 180 kwa lita, na inayotakiwa ni kati ya 30 na 50.

Alichokuwa akipima ni asidi ya sianuriki. Yeye aliiita kinga ya jua. Klorini tupu ikipigwa na jua letu la mchana inakwisha kwa saa chache, kwa hiyo vidonge vimetengenezwa na kinga hii ndani yake, zaidi ya nusu ya uzito wa kidonge. Klorini inafanya kazi na kuisha. Kinga haiishi. Haiyeyuki hewani, jua haliili, chujio haliikamati. Kila kidonge kinaongeza kidogo juu ya iliyopo, wiki kwa wiki, na ikizidi inaikumbatia klorini hata isiweze kuua kitu. Karatasi inakwambia klorini ipo, na kweli ipo, lakini imefungwa mikono. Vidonge vyote tulivyoongeza kwa hofu ndivyo vilivyokuwa vinaukaza ule mkumbatio.

Hakuna dawa ya kuiondoa iliyo rahisi kuliko kumwaga maji. Baba watoto akasema basi tuyamwage yote. Fundi akakataa katakata. Masika yamekatika juzi, akasema, ardhi ya huku karibu na bahari imejaa maji chini. Ukiliacha bwawa tupu, maji ya chini yanaweza kulisukuma lote juu na kulipasua. Tukamwaga nusu, tukajaza, tukamwaga nusu tena, tukajaza. Maboza matano ya lita 10,000, na kila moja lilipokuja kutoa honi getini nilikuwa naona fedha za ada za muhula zikipita kwenye bomba. Lakini 180 ikawa 90, na 90 ikawa 45.

Akarekebisha ule ukali kwa magadi soda, kisha usiku akamimina klorini ya maji, nyingi, mara moja. Kulipokucha ukijani ulikuwa umekufa. Ila maji yalikuwa ya kijivu, mazito kama uji wa mgonjwa. Ngazi ya kwanza huioni. Siku tatu pampu ikazunguka na chujio halikufua dafu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake barazani. Akainua mkono wa kushoto, akaanza kutafuta neno, tukasubiri kama tunavyosubiri siku zote, bila kumsaidia. Likatoka: "Shabu."

Mama ni mtu wa Rufiji. Maji ya mto ya utoto wake yalikuwa ya tope, na bibi yake alikuwa akizungusha kipande cha shabu ndani ya mtungi, asubuhi tope limelala chini na maji ya juu yanang'aa. Fundi alisimama akamwamkia upya, "Shikamoo, Mama. Hiyo ndiyo niliyokuwa naelekea kuitafuta." Kilo mbili na nusu, tukaiyeyusha kwenye ndoo, tukaizungusha kando zote, pampu ikaenda saa mbili tukaizima. Usiku sikulala vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka na tochi, nikaona sakafu. Imefunikwa na utando wa kijivu kama majivu ya kuni, na juu ya utando huo maji hayana kitu, naona mpaka nyufa za saruji. Fundi akaunyonya utando polepole na kuutoa nje moja kwa moja, bila kuupitisha kwenye chujio. Sakafu ilisuguliwa wiki iliyofuata.

Sasa dawa yetu ni klorini ya maji, kidogo kila jioni jua likizama, na kidoa cheusi nakichungulia kila mwezi. Kijana wetu amerudi, kifua kimepona. Yeye ndiye anayepima, maelezo yameandikwa kwa Kiswahili kwa kalamu nzito kwenye mlango wa kibanda.

Jumapili Mama aliingia. Alisimama kwanza kwenye ngazi ya pili, mguu wa kulia juu ya duara moja jeupe, akasubiri mwili utulie. Kisha akaenda. Alipofika ukutani mara ya kumi na moja nilidhani amechoka nikamfuata na kanga, akanipungia nirudi. "Kumi na mbili," akasema.