Kung'oa Kebini ya Pikapu Kuukuu: Barua kutoka Minnesota kwa Watu wa Manda

Kebini ni ile sehemu ya pikapu yenye paa, milango miwili na kiti kimoja kirefu, anamokaa dereva pamoja na yeyote aliyembembeleza lifti. Inakaa juu ya chesisi na kushikwa na boliti chache kuliko mtu anavyodhani. Kuing'oa ni hatua ya katikati katika kulifufua gari la zamani, kazi ambayo huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, hufanywa na watu wazima wenye akili timamu, kwa hiari yao, siku za mapumziko, na kwa hasara.

Gari linalopendwa zaidi kwa kazi hii ni Chevrolet 3100, pikapu ya nusu tani iliyoundwa kuanzia 1947 hadi mapema 1955. Kwa Manda, ambako magofu ya Takwa yana karne tatu bila wakazi, kitu cha 1951 ni cha juzi. Huku gari likitimiza miaka 20 tu, sheria ya jimbo inamruhusu mwenyewe kuliombea namba maalumu za magari ya kale. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini likishaingia hakuna anayelihesabia umri, na gari la miaka 20 pale Mokowe ndiyo kwanza linabadilishiwa injini. Huku hufungiwa gereji na kufunikwa shuka.

Adui wa pikapu hizi ni chumvi. Watu wa Manda wanaijua inavyokula bati, bawaba na kufuli, ila ya Manda huja na upepo wa bahari bila kualikwa. Huku hununuliwa. Barabara zikiganda wakati wa baridi, serikali humwaga chumvi kwa malori, mamia ya maelfu ya tani kila msimu, ili barafu iyeyuke. Magari hupita juu yake miezi kadhaa, kisha wenye magari hushangaa. Chini ya Detroit, mji uliojengwa na magari, kuna mgodi wa chumvi uliofunguliwa 1910, wenye kina cha zaidi ya futi 1,000, na chumvi yake huishia barabarani. Mji mmoja, basi, umeuza gari na umeuza ugonjwa wake.

Kutu huanzia pale tope linapokaa: sakafu, vizingiti vya milango na pembe za chini za nyuma. Mahali hapo hapafikiki vizuri kebini ikiwa juu ya chesisi, na mgongo wa chesisi nao haufikiki kebini ikiwa imeulalia. Ndiyo sababu vinatenganishwa.

Kazi huanza kwa kufungua betri, ya volti 6 katika magari haya, na kumwaga maji ya rejeta. Kinachofuata ni uso wa gari: boneti, grili na madigadi. Aliye peke yake hufungua kipande kimoja kimoja. Mwenye wasaidizi huutoa uso mzima kwa pamoja, maana vipande vilivyozoeana miaka 70 vikiachanishwa havipatani tena kwa urahisi. Sehemu ya mizigo nayo huondolewa au kusogezwa nyuma. Sakafu yake ni ya mbao, na ndiyo sehemu pekee ya gari hili ambayo fundi wa majahazi wa Matondoni angeitazama kwa heshima.

Tangi la petroli, katika magari ya kuanzia 1949, limo ndani ya kebini, nyuma ya kiti. Wamarekani waliegemea petroli kwa miaka mingi huku wakivuta sigara, na taifa halikuisha. Tangi hutolewa mapema, kabla ya mashine yoyote ya kutoa cheche kuwashwa. Lililo tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke, na mvuke unataka nafasi.

Kisha hufunguliwa kila kinachounganisha kebini na injini: waya, kebo ya mita ya mwendo, kebo ya choki, fito za mafuta na mipira ya hita. Waya za zamani zimevikwa kitambaa ambacho kikiguswa hugeuka unga, na rangi zake zote zimekwisha kuwa rangi moja ya vumbi. Kila ncha hufungwa kibandiko chenye maandishi, hupigwa picha, na boliti zake hutiwa katika mfuko wa plastiki ulioandikwa jina. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017. Huku ufufuaji wa magari ungesimama siku hiyo hiyo.

Kipimo cha joto la injini kinataka uangalifu wa peke yake. Kutoka kwenye geji hadi kwenye injini hupita mrija mwembamba wa chuma wenye etha ndani. Injini ikipata moto etha hugeuka mvuke, na mvuke husukuma mshale. Mrija huo hauna kiungo upande wa geji. Hufunguliwa upande wa injini tu, ukakunjwa taratibu na kufungwa chini ya dashibodi. Anayeukata akidhani ni waya ameiua geji nzima. Kando yake hupita mrija wa kipimo cha presha ya oili, ambao hufunguliwa kwa spana bila madhara yoyote. Mirija hii imefanana kwa sura, na waliopoteza geji kwa kufanana huko ni wengi kuliko wanaokiri.

Usukani na pedeli havisafiri na kebini, kwa kuwa vimefungwa kwenye chesisi. Gurudumu la usukani huvutwa kwa chombo maalumu, nguzo yake ikabaki imesimama, na mabamba ya sakafu yanayoizunguka hufunguliwa ili kebini ipande juu na kuviacha vyote hivyo mahali pake.

Sasa huja hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye kuamua kama gari litakuwa gari tena. Kebini iliyoliwa sakafu na vizingiti haina tofauti na mashua iliyong'olewa mataruma ikiwa majini: umbo bado lipo, ila halishikiliwi na kitu. Ikiinuliwa hivyo, hupinda kwa uzito wake yenyewe, na milango haitafunga tena hata kwa teke. Kwa hiyo milango ikiwa bado inafunga sawasawa hupimwa nafasi zake, kisha hutolewa, na vyuma huchomelewa kukatiza kila uwazi wa mlango, kimoja cha mlalo na kimoja cha mshazari. Vyuma hivyo havikatwi mpaka sakafu mpya iwe imekwisha kuchomelewa. Anayevikata mapema ili aingie na kutoka kwa raha hufanya hivyo mara moja tu maishani.

Boliti za kebini ziko mahali panne. Za mbele hupita kwenye mipira. Nyuma, kebini hukaa juu ya vikuku vinavyoiruhusu kucheza chesisi inapojipinda. Boliti hunyweshwa mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa kabla. Isiyotii hupashwa moto, na isiyosikia moto hukatwa. Wavunja mawe wa Maweni wangeifanya kazi hii kwa utulivu. Huku hufanywa kwa matusi.

Kunyanyua kwaweza kufanywa kwa winchi ya injini, au kwa kapi iliyofungwa kwenye boriti, mikanda ikipitishwa kwenye uwazi wa milango. Njia ya kienyeji ni majirani. Huko Manda chombo kikihitaji kuvutwa pwani, anayepita hushika kamba bila kuulizwa na kurudi zake. Huku majirani hualikwa kwa ujumbe wa simu wiki moja kabla, huthibitisha, huja na glavu zao wenyewe, na malipo yao ni piza. Wanne au sita hushika, mmoja hutazama nguzo ya usukani isikwaruze, na mwenye gari, ambaye kwa desturi ana maumivu ya mgongo siku hiyo, hutoa amri.

Kebini hushushwa juu ya fremu ya mbao yenye magurudumu madogo, ili isukumwe ndani mvua ikija. Katika kila mahali palipokuwa na boliti huokotwa vibati vya kulinganishia kimo, na idadi yake huandikwa papo hapo kwa kila pembe, kwa kuwa ndivyo vinavyoamua kama madigadi na milango vitalingana siku ya kurudisha. Mipira ya zamani hutupwa. Mipya huagizwa kwa posta.

Kinachobaki ni chesisi yenye injini, magurudumu, usukani na pedeli. Kwa kifundo cha waya, betri na kidumu cha petroli, mashine hiyo huwaka na kwenda. Hairuhusiwi barabarani. Mwenyewe huweka kreti la maziwa mahali pa kiti, akaizungusha uani, na majirani waliokwisha kula piza hutoka tena kutazama.