Mabuyu Yametoka, Yako Njiani

Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika China salama salimini. Kaizari Yongle akampokea, na watu wa ikulu wakashangilia wakiamini ndiye yule mnyama wa heri wa hadithi zao. Hakuna aliyempigia kaizari simu kumwuliza, "Uko karibu na wapi?" Leo mwenye duka la mtandaoni hapo hapo Malindi ana kilo moja tu ya mabuyu ya kupeleka Kakamega, na usingizi hapati.

Duka lenyewe limo ndani ya simu: mabuyu mekundu, achari ya embe, korosho, vikapu vya ukindu. Mteja akipenda picha, analipa kwa M-Pesa. Tangu 2007 Wakenya wamezoea hela kuruka kufumba na kufumbua, basi naye hutarajia mabuyu yaruke vivyo hivyo. Dakika kumi hazijaisha, ujumbe unaingia: "Mzigo umefika wapi?" Mzigo uko mezani. Mwenye duka anatafuta ncha ya selotepu.

Swali la nani abebe ndipo linapoanza. Akienda kampuni kubwa ya vifurushi, anakuta kiyoyozi, karani mwenye tai, na mizani inayosema kikapu chake ni nusu kilo. Anatabasamu. Kisha karani anavuta futi ya kupimia. Kampuni za mizigo ya ndege huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, zikagawanya kwa 5,000. Jibu likiuzidi uzito wa mizani, mteja hulipia jibu. Kikapu cha 40 kwa 30 kwa 30 kinatoka kilo 7.2. Yaani kilo 6.7 ni upepo mtupu wa Bahari ya Hindi, na unalipiwa nauli. Mama aliyekisuka hajawahi kulipwa hata shilingi moja ya upepo. Wajanja hupachika kikapu kidogo ndani ya kikubwa, na katikati wakashindilia korosho.

Posta ni nafuu, na barua ya Malindi ina msimbo wake, 80200. Kasoro ni kwamba vijana wengi hawana sanduku. Mteja akibanwa sana, hutaja la shule ya msingi aliyosomea. Mabuyu yakipita kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, nani atategemea kuyaona tena?

Linabaki basi. Hapa hakuna futi ya kupimia. Kondakta anainua boksi kwa mkono mmoja, anatafakari, anataja bei. Namba ya simu ya mpokeaji inaandikwa kwa kalamu nene pande zote, risiti inapigwa picha na kurushwa WhatsApp, boksi linasukumwa kwenye buti. Na buti la basi la pwani lina mambo yake. Liko boksi lililowekwa ubavuni mwa samaki waliogandishwa barafu, barafu ikayeyuka, sukari ya mabuyu nayo ikalowa na kuanza safari yake yenyewe, hadi kwenye mfuko wa jirani uliokuwa na kanzu nyeupe ya harusi. Mwenye kanzu alipiga simu kabla ya mwenye mabuyu.

Mzigo wa Kilifi nao una bahati yake. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 1991 magari hayasubiri kivuko pale, na dereva mwenye haraka huvuka kondakta angali amesinzia. Boksi linakwenda kulala Mombasa, linarudi kesho limechoka kuliko abiria.

Hata hivyo, kwa haki kabisa, basi ndilo linaloshinda. Namba ya kufuatilia ya kampuni kubwa inaweza kusema "uko njiani" siku nne mfululizo bila haya. Kondakta ukimpigia, atapokea, atakudanganya kidogo, lakini atakwenda kuangalia.

Tatizo ambalo hakuna msafirishaji aliyelitatua ni mwendo wa mwisho, ule wa tuktuk. Mitaa mingi haina namba za nyumba, hivyo watu huelekezana kwa msikiti, kinu au mbuyu. Mbuyu nao siku hizi si wa kutegemewa sana: mwaka 2022 mibuyu kadhaa ya Kilifi iling'olewa mizima mizima ili ipakiwe melini kupelekwa Georgia, na mwezi Novemba Rais Ruto akaagiza uchunguzi. Angalau mibuyu hiyo ilijua inakokwenda.

Mwenye tuktuk anayetafuta mteja nje kidogo ya mji wa Kilifi hana uhakika huo.

"Dadangu, nimefika kwenye mbuyu. Ni upi? Hapa naona kama minane."

"Ule wenye mbuzi, kaka."

"Mbuzi wapo kwenye mitatu."

"Basi ngoja hapo hapo, namtuma mtoto. Utamjua, ana fulana ya Gor Mahia."


"Dada, hapa kuna mpira. Wote wana fulana za Gor Mahia."