Petroli ya Kungojea

Mabwana wa mjini wanabishana: kwenye foleni, lipi hula kidogo, gari la umeme au la petroli? La umeme likisimama, mota imelala; vinavyokula ni redio na kiyoyozi. La petroli husimama likiunguruma na kula. Aprili 2022, mafuta yalipoadimika Kenya, watu walipanga foleni vituoni wakichoma tone la mwisho kungojea la kwanza! Lakini tazama Remba, kisiwa cha ziwani Homa Bay: si pa magari, ni pa maboti. Petroli huvuka ziwa kwa mitungi, na mvuvi akitia nanga huzima injini. Kwa hiyo, ndugu yangu wa foleni ya kivuko cha Likoni, kabla hujakopa ununue la umeme, zungusha ufunguo. Kuzima ni bure.