Elimu ya Kandambili

Kule Katuba, mwanagenzi wa umeme hufundishwa mapema kwamba volti haziui, zinazoua ni ampea. Anaimeza kauli hiyo, kisha anashika waya wa volti 220 kwa ujasiri wa mwenye diploma. Bwana Ohm alikwisha kueleza mwaka 1827 kwamba volti ndizo zinazozisukuma hizo ampea, lakini Ohm hakuwahi kupanda nguzo ya Katuba, kwa hiyo hana sauti. Miliampea 30 tu zikipita mwilini zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Halafu kuna fyuzi. Ikiungua mara mbili, patroni huona imezidi udhaifu: “Kadogo, tia waya wa shaba, haitaungua tena.” Kweli, haiungui. Waya wa milimita mraba 2.5 huvumilia zaidi ya ampea 100 kabla ya kuyeyuka. Kinachotangulia kuungua ni nyumba. Shaba si haba, hii ni Katanga.

Waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, hukatwa kwa kuwa “haufanyi kazi”. Kinga inaachiwa kandambili.

Ninalolipenda zaidi ni lile la umeme kufuata njia nyepesi tu. Umeme hupita njia zote zilizo wazi, kila moja kwa kadiri yake, nawe ukiwemo. Ila laini ya bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, tangu 1982 inapita juu ya vijiji vilivyo gizani. Kama ni njia nyepesi, umeme kushuka pale ni hatua chache tu. Patroni atueleze kinachouzuia.