Kinyozi Kanyolewa Kifua

Jamani, kusimama nako ni ugonjwa. Mimi kinyozi. Toka asubuhi mpaka taa za barabarani zinawaka niko wima. Anayekaa ni mteja. Tena anakaa, anasinzia, akiamka anasema atalipa kesho. Sasa shavu la mguu limetoa mishipa, minene, mibluu, imejipindapinda kama mabomba ya fundi asiyejua kukata kona. Jioni inawasha. Kifundo kinavimba mpaka ndala inakataa kuvalika.

Mke wangu katoka kikoba na habari. "Baba Zuwena, huo ni moyo. Moyo ukichoka miguu inavimba." Akalala. Mimi nikabaki macho, nasikiliza kifua.

Hospitali nikapangwa foleni ya utrasaundi. Wote wajawazito! Mimi katikati, na kitambi changu. Dada mmoja akaniuliza, "Baba, umemsindikiza mama?" Nikasema nimekuja mwenyewe. Akakitazama kitambi. Akanyamaza. Heri angecheka.

Kabla ya zamu yangu nesi akaniita kipimo cha umeme wa moyo. "Baba, vua shati." Vibandiko kumi, sita kifuani, vinne mikononi na miguuni. Kifua changu msitu, havishiki. Binti akatoa wembe. Mkavu! Hana povu, hana maji, ananyoa kinyume na nywele zinavyolala. Mimi nikimfanyia mteja hivyo nahamishwa mtaa. Nikamwambia, "Binti, ivute ngozi kwanza." "Baba, usiongee, usitikisike." Kanimaliza, kaniacha na viraka. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, hawakusema apelekwe wapi.

Nikafumba macho kusubiri shoti. Haikuja. Kumbe mashine haikutii umeme, inasoma ule moyo unaojitengenezea wenyewe. Nina umeme kifuani na nyumbani LUKU imekata tangu juzi!

Ikaja eko, yaani utrasaundi ya moyo. Daktari mwenyewe umri wa kitindamimba wangu. "Shikamoo mzee, lalia ubavu wa kushoto." Akanimwagia jeli, baridi, kwenye viraka vyangu vinavyochonyota. Ya nini? Eti hewa ikibaki kati ya kifaa na ngozi, sauti haipiti. Sauti ipi? Mimi sisikii kitu. Akasema sikio la mtu haliisikii, inaingia, inagonga moyo, inarudi, kompyuta inachora. Haina mionzi kama eksirei. Waliobuni walikuwa Lund, Sweden, mwaka 1953, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz. Hertz alianza kwa kuazima mashine ya kukagulia nyufa za vyuma kwenye kiwanda cha meli, Malmö. Kuazima, jamani! Mimi nikiazima mashine ya kunyolea kwa jirani napata ugomvi, mwenzangu kapata moyo wa mtu.

Moyo ukaonekana mzima. Nikaanza kuvaa shati. "Bado miguu, mzee. Simama." Naumwa kusimama, napimwa kwa kusimama! Akabinya shavu la mguu, damu ikapanda, akaachia, ikarudi chini. Kwenye skrini nyekundu, kisha bluu. Nikadhani bluu ndiyo damu mbaya. Wapi! Rangi inaonyesha tu damu inakifuata kifaa au inakikimbia. Ndani ya mishipa ya kurudisha damu juu kuna vilango vya upande mmoja. Vyangu vimelegea. Damu ikirudi chini zaidi ya nusu sekunde, hapo ushapata jina la ugonjwa.

Tiba ipo. Zamani waliung'oa mshipa. Siku hizi ganzi kidogo, tundu dogo, wanauunguza kwa ndani na leza au mawimbi ya redio, unajifunga, damu inapita kwa jirani. Au wanauchoma sindano ya povu la dawa. Bei nikauliza kwa sauti ndogo. Nikajibiwa kwa sauti kubwa.

Nikachagua soksi za kubana. Hata hizo daktari ana masharti! Kwanza akanipima presha kifundoni, maana ateri zikiwa zimeziba, soksi hizo zinaumiza. Kisha zivaliwe asubuhi, kabla mguu haujavimba. Rahisi? Niko chali kitandani, mguu juu, navuta, natokwa jasho, mke kashika kisigino, Zuwena anachungulia mlangoni. Tukavaa glavu za kuoshea vyombo ndipo soksi zikapanda. Kwenye pakiti zimeandikwa "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani, sijui. Miguu ni ya Mzungu, kichwa cha Mndengereko.

Na mazoezi. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu ya kusukuma damu juu, kwa hiyo nikiwa kazini ninyanyue visigino, nishushe, ninyanyue. Mteja wa kwanza aliona wembe uko shingoni mwake, mwenye wembe anapanda na kushuka. Kaondoka na ndevu za upande mmoja. Hajalipa.

Basi wateja wangu, mkinikuta nimekaa, miguu juu ya stuli, soksi za Mzungu mpaka gotini, msinune. Ni amri ya daktari. Kaeni benchi, foleni ipo. Na wewe wa upande mmoja, rudi umaliziwe, na hela uje nayo.