Kimandarini cha Jioni, Kimilili

Agosti 2024

Jumatatu
Chumba tulichoazimwa ni cha chekechea. Benchi moja limevunjika mguu, na fundi wa simu amesimama kipindi kizima, daftari kaliegemeza ukutani. Tumesoma namba. Wachina huonyesha sita hadi kumi kwa vidole vya mkono mmoja, jambo linalofaa sokoni penye kelele.

Jumanne
Mvua ya alasiri imepiga bati. Kimandarini kina toni nne, ukiiacha ile hafifu, na leo haikusikika hata moja. Tukaandika. Kununua ni mǎi, kuuza ni mài: ya kwanza huzama kisha ikainuka, ya pili huporomoka. Kwa maandishi, 买 na 卖, ya kuuza imeongezewa msalaba juu. Mama wa duka la chaja ameinakili ukurasa mzima. Wiki jana alimtumia muuzaji wa Guangzhou ujumbe wa sauti kwenye WeChat, akaulizwa yeye anauza kwa bei gani.

Jumatano
Wingu limetanda tukiwa kwenye salamu. Wote wakakimbia kuanua mahindi. Nimesaidia kukunja turubai kwa jirani.

Alhamisi
Mwaka huu ni wa shufwa, mwaka wa tohara kwa Wabukusu, na vijana wanazunguka kualika jamaa. Kundi moja limesimama nje ya dirisha letu likipiga chinyimba, kengele zao, likimtaka mwanafunzi wangu wa bodaboda. Yeye ni khocha, yaani mjomba, wa kijana anayetahiriwa, hawezi kukataa. Kengele zilimeza somo.

Tukiwa tunamngoja, mwashi mzee akasema, “Mwalimu, hata Kibukusu hupanda na kushuka.” Ni kweli, Kibukusu ni lugha ya toni, Kiswahili sicho, na mimi nimekuwa nikiwafundisha kwa Kiswahili. Basi nikawaomba waseme sentensi za Kibukusu midomo ikiwa imefungwa, wenzao wabahatishe. Walizitambua nyingi, wakicheka. Tukafanya vivyo hivyo na Kichina. Mama wa chaja akaiguna mǎi, ikazama na kuinuka inavyotakiwa, na darasa zima likapiga makofi.

Nimesikia mara nyingi kwamba lugha hii ni ya vijana wa Nairobi. Taasisi ya Confucius imekuwepo katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, na ninaiheshimu kazi yake. Lakini mwenye duka Kimilili ana haki ya kujadili bei ya bidhaa zake bila dalali, na sikio la kazi hiyo amezaliwa nalo.

Ijumaa
Stima imepotea. Simu yenye rekodi za mazoezi imezimika. Mama wa chaja amekuja na jibu kutoka Guangzhou: sauti ndefu, ya haraka. Wameishika bei tu, mengine yamewapita. Tumeigeuza kuwa shilingi kwa mwanga wa tochi, na wote wakasema iko juu. Jumatatu tunaanza na kuomba kupunguziwa.